Kutafuta majina yenye makosa ya herufi: kuendesha NFA ndani ya biti, hatua kwa hatua (uzi mrefu)

Nahodha_wa_Data (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa wale wanaoshika orodha za majina kila siku, na wale wanaotaka kujua kompyuta inafikaje kwenye jibu badala ya kupokea jibu tu.

Tatizo lenyewe aliyewahi kusafisha daftari la wanachama analijua. Mtu mmoja kaandikwa Rajabu kwenye fomu ya kujiunga, Lajabu kwenye risiti, Rajab kwenye orodha ya malipo. Khadija anageuka Hadija, Fatuma anageuka Fatma, Ramadhani anaandikwa Ramazani, Athumani anaandikwa Asumani na karani mwingine anaandika Othman. Ukitafuta kwa kulinganisha herufi kwa herufi, mtu mmoja anahesabiwa watatu. Kwenye orodha ya malipo hilo linaumiza watu halisi: kuna anayelipwa mara mbili na kuna anayeambiwa jina lake halipo.

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha Mrusi Vladimir Levenshtein, wa mwaka 1965. Yeye alikuwa anashughulikia misimbo ya mawasiliano inayoharibika njiani, hakuwa anatafuta majina, lakini kipimo kimekaa sawasawa na kazi yetu: hesabu ni mabadiliko mangapi madogo yanageuza neno moja kuwa jingine. Mabadiliko yako matatu, yaani herufi moja kubadilishwa, herufi moja kuongezwa, herufi moja kuruka. Rajabu na Lajabu ni 1. Mariamu na Maryam ni 2. Othman na Athumani ni 3.

Sasa swali: nina neno lenye herufi m, nina maandishi marefu, nataka kila mahali neno hilo linapotokea kwa makosa yasiyozidi k. Nafanyaje bila kulinganisha kila kipande na kila kipande?

Chora mashine. Tuchukue neno *juma* na k=1. Weka vituo kwenye gridi. Ukienda kulia unahesabu herufi za *juma* ulizokwisha kupita: 0, 1, 2, 3, 4. Ukishuka chini unahesabu makosa uliyotumia: mstari wa 0, mstari wa 1. Jumla vituo 10, kwa kanuni ni (m+1)×(k+1). Kila kituo tukiite hali.

Mishale ni ya aina nne. Mshale wa kulia unafuatwa pale herufi iliyosomwa ni ileile inayotakiwa, na haugharimu kitu. Mshale wa mshazari kwenda kulia na chini ni herufi iliyobadilishwa: umesoma *o* ulipotaka *u*, umesonga mbele lakini umelipa kosa moja. Mshale wa kushuka wima ni herufi ya ziada: umesoma kitu kisichotakiwa, umebaki palepale kwenye neno, umelipa kosa. Na upo mshale mwingine wa mshazari unaofuatwa bila kusoma chochote, ndio wa herufi iliyoruka. Hali ya mwanzo ina mshale unaojirudia yenyewe kwa herufi yoyote, ili utafutaji uweze kuanzia popote.

Hii ni otomata ya njia nyingi, NFA. Ukisoma herufi moja unaweza kuwa na mishale miwili au mitatu ya kufuata, na huna namna ya kujua mapema upi ni sahihi. Michael Rabin na Dana Scott walioielezea mwaka 1959 (wakapewa Tuzo ya Turing 1976) walionyesha pia kwamba kila NFA inaweza kugeuzwa kuwa DFA, otomata ya njia moja, ambayo kila herufi ina mshale mmoja tu. Kwa nadharia tumemaliza. Kwa vitendo DFA ya utafutaji wenye makosa inafura sana m na k zinapopanda, na kuijenga kunaweza kugharimu kuliko utafutaji wenyewe.

Njia ya pili ni kutoigeuza. Unaiacha NFA jinsi ilivyo na unaiendesha huku umeshika hali zote zilizo hai kwa pamoja. Ken Thompson alifanya hivyo mwaka 1968 kwa misemo ya utafutaji kwenye mashine ya IBM 7094: kwa kila herufi, orodha ya hali hai za sasa inazaa orodha ya hali hai zinazofuata. Hakuna kubahatisha, hakuna kurudi nyuma. Hapo ndipo uzi huu unapokwenda, kwa sababu orodha ya hali hai inaweza kuwekwa ndani ya biti (zile 0 na 1) za namba moja, na prosesa ikazisogeza zote kwa amri moja.

Naendelea kwenye jibu linalofuata.

---

Binti_Kasulu

Mkuu nakufuata. Mimi niko idara ya takwimu, majina ya Kigoma na Burundi yananitesa kila wiki. Naomba usiruke hesabu za biti, zionyeshe kwa mfano mdogo kabisa.

---

Nahodha_wa_Data

Sawa dada, ndiyo maana nimechagua *juma*.

Biti zinaandikwa kulia kwenda kushoto: biti ya kwanza kulia ni hali ya "nimepita *j*", ya pili "nimepita *ju*", ya tatu *jum*, ya nne *juma*. Hali ya sifuri iko hai daima kwa hiyo haiandikwi. Kwanza tengeneza ramani ya kila herufi, inayosema herufi hiyo iko nafasi gani ndani ya neno:

```
j = 0001
u = 0010
m = 0100
a = 1000
nyingine zote = 0000
```

Kutafuta bila makosa kunahitaji mstari mmoja, R0. Kwa kila herufi: sogeza R0 kushoto hatua moja, weka 1 mwishoni kulia, halafu fanya AND na ramani ya herufi (biti inabaki 1 pale tu pande zote mbili zina 1). Kusogeza maana yake ni "wote walio hai wasonge mbele", na AND maana yake ni "wabaki wale tu ambao herufi hii ndiyo waliyokuwa wanaingoja". Wazo hilo limejulikana kupitia Ricardo Baeza-Yates na Gaston Gonnet mwishoni mwa miaka ya 1980.

Sun Wu na Udi Manber wa Chuo Kikuu cha Arizona wakaongeza makosa, wakachapisha 1992 pamoja na programu yao agrep. Unaongeza mstari mmoja kwa kila kosa. R1 mpya ni muungano, yaani OR, wa vitu vinne: R1 ya zamani iliyosogezwa na kupigwa AND na ramani (herufi imelingana), R0 ya zamani jinsi ilivyo (herufi ya ziada), R0 ya zamani iliyosogezwa (herufi imebadilishwa), R0 mpya iliyosogezwa (herufi imeruka). Kila ukisogeza unaweka 1 kulia. Mishale minne ya mchoro imekuwa vipande vinne vya fomula, hakuna kilichopotea.

Tusome maandishi *joma*:

```
herufi    R0      R1
mwanzo    0000    0001
j         0001    0011
o         0000    0011
m         0000    0101
a         0000    1001
```

Angalia pale kwenye *o*. R0 imekufa yote, kwa sababu hakuna *o* ndani ya *juma*. Lakini R1 imebaki na biti ya pili: kuna njia inayosema "nimepita *ju*, ila *u* ilikuja kama *o*, nimelipa". Ikija *m*, njia hiyo inasonga hadi biti ya tatu. Ikija *a*, biti ya nne inawaka. Biti ya nne ikiwa hai kwenye R1 maana yake *juma* imepatikana kwa makosa yasiyozidi moja, na imeishia hapo.

Tumefuatilia njia zote kwa mpigo bila kuijenga DFA. Kwa rejista ya prosesa yenye biti 64 neno linaweza kuwa na herufi 64 na gharama kwa kila herufi ni ileile: amri chache, mara (k+1).

Kwa wanaotaka kujaribu:

```python
def tafuta(neno, maandishi, k):
    ramani = {}
    for i, h in enumerate(neno):
        ramani[h] = ramani.get(h, 0) | (1 << i)
    R = [(1 << j) - 1 for j in range(k + 1)]
    mwisho = 1 << (len(neno) - 1)
    for nafasi, h in enumerate(maandishi):
        b = ramani.get(h, 0)
        zamani = R[0]
        R[0] = ((zamani << 1) | 1) & b
        for j in range(1, k + 1):
            sasa = R[j]
            R[j] = (((sasa << 1) | 1) & b) | zamani \
                   | (zamani << 1) | (R[j-1] << 1) | 1
            zamani = sasa
        if R[k] & mwisho:
            yield nafasi
```

Python haina kikomo cha biti kwenye namba zake, kwa hiyo neno refu kuliko 64 litafanya kazi, ila taratibu. Kwenye C itabidi uunganishe rejista mbili au zaidi mwenyewe.

---

Mwl_Hesabu

Nahodha, hongera kwa kazi safi. Niongeze kitu ambacho wanafunzi wangu wengi hawakioni, nacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote kwenye somo hili.

Vyuoni tunafundisha kwanza jedwali. Neno linakaa wima, maandishi yanakaa juu, kila kisanduku kinajazwa kwa kuangalia majirani watatu: wa kushoto, wa juu, wa mshazari. Peter Sellers aliligeuza liwe la kutafuta mwaka 1980 kwa badiliko moja dogo, mstari wa juu wote uwe sifuri. Halafu baadaye tunafundisha otomata kama mada nyingine, kitabu kingine, mwalimu mwingine. Mwanafunzi anatoka akidhani ana mbinu mbili.

Chukueni *juma* na *joma* ileile tulijaze:

```
          j  o  m  a
       0  0  0  0  0
   j   1  0  1  1  1
   u   2  1  1  2  2
   m   3  2  2  1  2
   a   4  3  3  2  1
```

Sasa someni safu ya mwisho, chini ya *a*, kutoka juu: 1, 2, 2, 1 (acheni sifuri ya juu). Ni wapi namba haizidi 1? Nafasi ya kwanza na ya nne. Rudini kwa Nahodha muangalie R1 baada ya *a*: 1001. Biti ya kwanza na ya nne. Someni safu ya *m*: 1, 2, 1, 2, na R1 ni 0101. Safu ya *j*: 0, 1, 2, 3. R0 ni 0001 kwa sababu sifuri iko nafasi ya kwanza peke yake, R1 ni 0011.

Si bahati. Namba iliyo kwenye kisanduku cha jedwali ni mstari wa juu kabisa wenye hali hai katika safu ile ya otomata. Jedwali linaiendesha NFA hiyohiyo. Tofauti ni namna ya kuandika kumbukumbu: Sellers anaandika kwa kila safu ya otomata namba moja, Wu na Manber wanaandika kwa kila mstari biti m. Jan Holub wa Prague aliliandikia jambo hili waziwazi miaka ya 1990, akizitazama mbinu hizi zote kama namna mbalimbali za kuiga otomata moja. Ukishaliona hivyo, makala nyingi zinazoonekana hazina uhusiano zinakaa kwenye rafu moja.

---

Ukunda_Dev

Mwalimu shikamoo. Hiyo ya kulinganisha safu na biti sijawahi kuiona popote, asante sana.

Lakini niulize: kwa majina tu, si mtu angetumia Soundex, ile ya kulinganisha majina kwa matamshi, akamaliza? Iko ndani ya kanzidata nyingi tayari, ni fankshoni moja tu unaita.

---

Binti_Kasulu

Nimeitumia Soundex kazini, kaka, naomba nijibu mimi.

Ile iliundwa Marekani, hataza zake ni za 1918 na 1922, kwa matamshi ya majina ya kule. Inaacha herufi ya kwanza kama ilivyo halafu inageuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa hiyo Khadija ni K320 na Hadija ni H320. Hawakutani. Rajabu ni R210, Lajabu ni L210, hawakutani. Athumani ni A355, Asumani ni A255, hawakutani. Makosa yetu makubwa yako hasa kwenye kh na h, r na l, th na s, dh na z, na mengi yako mwanzoni mwa jina ambako Soundex haigusi.

Ninachofanya sasa ni kulisawazisha jina kwanza kwa kanuni zetu wenyewe: kh iwe h, dh iwe z, th iwe s, herufi zilizorudiwa zibaki moja, Abdallah na Abdalah ziwe kitu kimoja. Halafu ndipo nitafute kwa makosa. Ramadhani na Ramazani zinatoka umbali wa 2 hadi 0, kwa hiyo ile bajeti ya makosa inabaki kwa makosa ya kweli ya vidole.

---

Nahodha_wa_Data

Dada umesema kweli, na hilo la kusawazisha kwanza naliunga mkono kwa nguvu zote. Ni rahisi kuliko kuipa kila mshale gharama yake. Biti zinapenda gharama zilizo sawa. Ukitaka r kwenda l iwe nusu ya kosa, otomata ya biti inaanza kuwa nzito.

Niongeze kuhusu kuchagua k. Ukiweka k=1 kwa jina *Ali* umeharibu kazi, maana chochote chenye *al* au *li* kinaingia: Juliana ndani, Alfonsi ndani. Kosa moja kwenye herufi tatu ni theluthi nzima ya jina. Elasticsearch, injini ya utafutaji, kwa mpangilio wake wa kujiamulia inakwenda hivi: herufi 1 hadi 2 hakuna kosa, 3 hadi 5 kosa moja, zaidi ya 5 makosa mawili. Kwa majina yetu mimi ningeanza kosa la kwanza kwenye herufi 4.

---

Kijana_wa_Shell

Sijui kupanga programu vizuri, nina faili la majina tu kwenye Linux. Nifanyeje?

---

Nahodha_wa_Data

Weka tre-agrep, ipo kwenye hazina ya Debian na Ubuntu. Andika `tre-agrep -1 rajabu majina.txt` na itakupa mistari yenye Rajabu kwa makosa yasiyozidi moja. `-2` kwa mawili, `-i` ili isijali herufi kubwa na ndogo, `-w` ili itafute neno zima. Hiyo `-w` usiisahau, kwa sababu bila hiyo *ali* inakutwa ndani ya Halima na Salima bila kosa hata moja.

---

Ukunda_Dev

Nimejaribu kodi ya Python. Inafanya kazi, lakini nikitafuta *juma* nampata Jumanne pia. Nikaweka alama `#` mwanzo na mwisho wa kila jina na nikatafuta `#juma#` kwa k=1, bado Jumanne anaingia! Kwa nini?

---

Mwl_Hesabu

Kwa sababu mashine imetumia kosa lake kwenye `#`. Imesoma `#juma`, ikategemea `#`, ikakuta *n*, ikalipa kosa moja na kufika mwisho. Kwa macho ya otomata `#` ni herufi kama nyingine.

Dawa ni kuilinda. Tengeneza ramani L yenye 1 kwenye nafasi zinazoruhusiwa kukosewa na 0 kwenye nafasi za `#`. Katika fomula ya R1, ile sehemu ya kubadilishwa na ya kuruka, pamoja na ile 1 ya mwishoni, ipige AND na L kabla ya kuiunganisha na nyingine. Na thamani ya mwanzo ya R1 nayo uipige AND na L. Umefuta mishale ya mshazari inayoingia kwenye nafasi hizo mbili, basi. Wu na Manber walikuwa na jambo hili tangu mwanzo: agrep yao ilikuruhusu kuzungushia sehemu ya neno mabano ya pembe ili isiguswe na makosa.

Hili ndilo linalonifanya nipende kuanzia kwenye mchoro kuliko kwenye fomula. Swali lolote linalokuja, unauliza "ni mshale upi nisioutaka?" unaufuta.

---

Chembe_za_Urithi

Natoka upande wa biolojia, tunasoma DNA, alfabeti ya herufi nne. Kwetu neno linaweza kuwa na herufi mia kadhaa na makosa yakawa makumi. Mistari k+1 ya Wu na Manber inakuwa mingi mno. Tunachotumia ni cha Gene Myers, 1999. Nielezee kwa ufupi kwa sababu kinaungana na alichosema mwalimu.

Angalieni tena jedwali la mwalimu, safu yoyote, kutoka kisanduku kimoja kwenda cha chini yake. Tofauti ni −1, 0 au +1, haizidi hapo kamwe. Safu ya *m*: 0, 1, 2, 1, 2, yaani panda, panda, shuka, panda. Kwa hiyo safu nzima haihitaji namba, inahitaji biti mbili kwa kila nafasi: rejista moja ya "hapa inapanda" na nyingine ya "hapa inashuka". Myers akapata namna ya kuzihesabu rejista mbili za safu inayofuata kwa amri chache zisizobadilika, moja ikiwa ni kujumlisha kwa kawaida, ambako "baki" inayosafiri kutoka biti hadi biti ndiyo inayobeba athari kushuka safu nzima.

Uzuri wake ni kwamba k haimo kabisa kwenye gharama. Makosa 2 au makosa 30, amri ni zilezile. Neno likizidi 64 unapanga rejista kadhaa. Maktaba ya edlib, inayotumika sana kwenye kazi zetu, imejengwa juu ya algorithimu hiyo.

---

Nahodha_wa_Data

Shukrani sana mkuu. Na hapo ndipo ile hesabu ya ukubwa wa DFA inapoeleweka: kama kila nafasi ina uwezekano wa tatu, safu tofauti haziwezi kuzidi 3 kwa kipeo cha m. Kwa neno la herufi 10 ukomo ni 59,049. Esko Ukkonen wa Helsinki alilifanyia kazi hilo mwaka 1985, kuifanya safu nzima ya jedwali iwe hali moja ya DFA.

Kwa majina mafupi na k ya 1 au 2, binafsi nabaki na Wu na Manber. Ni rahisi kuandika, ni rahisi kukagua kwa mkono kama tulivyofanya, na kubadilisha mishale ni rahisi. Kwa neno refu na makosa mengi, Myers bila kusita.

---

Ukunda_Dev

Na Lucene, ile maktaba ya utafutaji? Nilisoma kwamba wao wanajenga DFA kweli, kinyume na ulichosema mwanzoni.

---

Nahodha_wa_Data

Ni kweli, na hakuna mgongano. Kazi yao ni tofauti. Wewe una maandishi marefu yanayopita mbele yako mara moja. Wao wana kamusi ya maneno iliyokwisha kupangwa, na swali moja linalinganishwa na kamusi yote. Klaus Schulz na Stoyan Mihov walionyesha mwaka 2002 kwamba kwa k ndogo iliyowekwa mapema, DFA ya "maneno yote yaliyo umbali usiozidi k kutoka neno hili" inajengwa kwa muda unaokwenda sambamba na urefu wa neno, kwa kutumia majedwali yaliyotayarishwa kabla. Lucene ikaichukua kuanzia toleo la 4.0, na ndiyo maana k yao inaishia 2. DFA hiyo inatembea pamoja na kamusi: pale njia inapokufa, matawi yote ya chini yake yanarukwa bila kusomwa.

---

Binti_Kasulu

Swali langu la mwisho, lina mambo mawili. Majina kama Ng'wandu yanakataa kulingana hata nikiweka k=2, na kwa macho yanaonekana sawa kabisa. Pia, kodi inanipa mahali jina linapoishia tu. Mimi nahitaji linapoanzia ili nilikate kutoka kwenye mstari.

---

Nahodha_wa_Data

La kwanza ni alama ya ritifaa. Ile ya kibodi ni baiti moja. Ile iliyopinda, ambayo Word inaiweka yenyewe, kwenye UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi kwa baiti) ni baiti tatu: E2 80 99. Kama programu yako inasoma baiti badala ya herufi, basi baiti moja imebadilishwa na mbili zimeongezwa, jumla makosa 3. Ndiyo maana k=2 haitoshi. Zigeuze zote ziwe ya kibodi kwenye hatua yako ile ya kusawazisha, na hakikisha faili linafunguliwa kama UTF-8 ili Python ipewe herufi na si baiti.

La pili: otomata inajua ilipofika, haikumbuki ilikoanzia, kwa sababu njia nyingi zimekutana kwenye biti moja. Ukipata mwisho, geuza jina kinyumenyume (*amuj*), anzia pale lilipoishia na usome maandishi kurudi nyuma kwa mashine ileile, ila safari hii uondoe ule mshale unaojirudia wa hali ya mwanzo, kwa kuwa sehemu ya kuanzia sasa unaijua. Huna haja ya kusoma zaidi ya herufi m+k. Mahali hali ya mwisho inapowaka ndipo jina linapoanzia. Zikiwaka sehemu mbili au tatu, chukua yenye makosa machache, na zikilingana chukua ile inayoanguka kwenye mpaka wa neno.

---

Binti_Kasulu

Ng'wandu zote zimeonekana baada ya kubadilisha ritifaa. Hiyo ya kurudi nyuma nitaiandika kesho kazini, nikikwama nitauliza humuhumu.